Maiti wa Bwawa la Njiro

Hapana, kuogelea sijui. Maji yenyewe nayaogopa hata yakiwa kwenye beseni, nikioga natumia kikombe. Nimejibu kabla hamjauliza kwa sababu nawajua. Kila nikisema niliwahi kusoma na wazamiaji, mtu ananitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, halafu anauliza kwa sauti ya huruma, "Kwani bibi ulikuwa unaogelea?" Sikuwa naogelea. Nilikuwa nalala pembeni ya maji, chali, macho nimefumba, nimekufa. Nilikufa kila Jumanne na kila Alhamisi, mvua isiponyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, na shule nyingine sina.

Ni wakati ule biashara imefunguliwa. Miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni ya sukari, sabuni ya mche unakatiwa kipande kama keki ya harusi. Mara maduka yamejaa, mitumba imejaa, na kila mwenye akili kidogo ana kampuni. Tajiri wangu alikuwa Mchaga, alianza na vitenge, akaja kwenye magari, akaishia kwenye watalii. Nyumba yake ilikuwa Njiro, ukuta mrefu mpaka kunguru anachoka, na nyuma ya nyumba akachimba shimo, akajaza maji, akaliita bwawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kudeki. Asubuhi nadeki ndani, mchana nadeki saruji ya pembeni ya bwawa. Saruji ya pembeni ya bwawa haikauki, kwa hiyo kazi ile haikuwa na mwisho.

Tajiri akiongea ni kama mtu anayekimbilia basi. "Mama, sikia, mgeni akishuka mlimani anataka bahari, aisee. Akifika baharini anataka kuzamia. Nani anamzamisha? Watu wa pwani! Kwa nini wasiwe vijana wangu?" Alikuwa na vijana sita, wa kupandisha wageni Mlima Meru. Mlima wanaujua, baridi wanaijua, bahari hawajawahi kuiona. Akaenda akaleta mwalimu kutoka Tanga.

Huyo mwalimu sasa! Mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake kimepakwa mafuta. Siye wa huku tunasema "njoo". Yeye anasema, "Hebu tafadhali sogea, nawe ujumuike nasi." Siku ya kwanza alinikuta nimeshika dekio, akasimama, akainamisha kichwa: "Bibiye, shikamoo. Naona wapendezesha mahala." Mimi kwa mara ya kwanza nikajua kwamba napendezesha mahala. Miaka yote nilidhani nafuta matope.

Kuzamia kwenyewe si kuvaa mtungi na kuruka. Kuna ngazi. Ukitaka ile ngazi ya uokoaji, ya mtu anayeruhusiwa kuwatunza wenzake ndani ya maji, kwanza uwe na cheti cha huduma ya kwanza, na kisiwe kimepita miaka miwili. Huna hicho, hicho kingine hupati hata ukiwa samaki. Na sheria ya pili, bwawa la kufundishia lazima lisimamiwe na mtu mwenye hicho cheti. Si lazima azamie. Akae pale kwenye kiti, na filimbi, na sanduku la dawa, atazame.

Basi, huduma ya kwanza inafundishwa kwa mdoli. Mdoli mkubwa wa plastiki, ana kifua na mdomo, unampulizia. Wa kwetu aliagizwa, akakwama bandarini. Mwalimu akangoja wiki, akangoja wiki mbili, halafu siku moja akageuka, akaniona. "Bibiye, nakuomba ulale."

Nikamwambia, "Mwanangu, hata marehemu mume wangu alikuwa anazunguka kidogo kabla ya kusema hivyo."

Wale vijana walicheka, mmoja akaangukia majini na viatu. Lakini nililala. Wakanitandikia mkeka, pembeni yangu wakaweka mto wa kochi. Kichwa na mdomo ni vya kwangu, kifua ni cha mto, kwa sababu mtu aliye hai moyo wake unadunda, ukimbonyeza kweli unamharibu.

Hatua ya kwanza, anasema mwalimu, ni kujua kama mtu ana fahamu. Mguse bega, mwite kwa nguvu. Kijana wa kwanza akaja, Mmeru mwenzangu, akapiga magoti, akanigusa bega kwa adabu. Sasa atamwitaje mama mtu mzima aliyelala? Akasema, "Shikamoo, mama."

Nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Mwalimu akashika kichwa. "La! La, bibiye! Wewe ni maiti! Maiti hajibu!"

Akaja wa pili. Nikabana midomo, nikakunja vidole vya miguu. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Ilitoka yenyewe. Jamani, shikamoo inamezwaje? Tangu nimekuwa mtu mzima hakuna mtu aliyenipa shikamoo nikamwacha nayo mkononi. Wa tatu alikuwa mtundu, alisema tu "Shika—" nikamaliza. Mwalimu alikaa chini kwenye saruji, akawaza, halafu akasema neno ambalo vijana wote waliliandika kwenye madaftari yao. "Basi sikilizeni. Mtu mzima wa huku kwenu, akipewa shikamoo akanyamaza, huyo kazimia kweli. Itisheni msaada." Ikawa ndiyo hatua ya kwanza ya bwawa la Njiro. Nilijifunza kunyamaza kwa wiki nzima. Kunyamaza ndilo somo lililonishinda kuliko yote.

Mengine yaliingia yenyewe. Ukiwa umelala umefumba macho unasikia vizuri. Kabla ya kumkimbilia mtu, tazama kwanza wewe usije ukaanguka. Usiseme "jamani mwiteni daktari", kwa sababu "jamani" hana miguu. Mwoneshe mtu mmoja kwa kidole, "wewe, nenda". Kichwa nyuma, kidevu juu, weka shavu mdomoni kwake usikilize. Hapumui, pulizia mbili. Shika shingo. Mshipa unagonga, endelea kupulizia taratibu. Mshipa haugongi, bonyeza kumi na tano, pulizia mbili. Nasikia siku hizi ni thelathini. Wakati wetu ilikuwa kumi na tano. Aliyezama usimning'inize miguu juu kumwaga maji kama unakausha chupa. Mzamiaji aliyepanda haraka toka chini mlaze, mpe oksijeni ya mtungi, asitembee hata akisema mzima. Vijana walikuwa wanasahau, mimi namnong'oneza mtu nikiwa nimekufa, "Kidevu, baba, kidevu," na yeye ananong'ona, "Asante, mama."

Mwalimu alinisikia. Siku moja darasa limekwisha akasema, "Bibiye, hawa wote wasoma kitabu, ila kitabu chenyewe ni wewe. Mkaguzi akija toka pwani, nawe nitakuandikisha. Wewe ni mtihani wa mdomo tu. Ukifaulu, kile kiti ni chako."

Mnajua maana yake? Mimi nimeweka dole gumba maisha yangu yote. Kliniki, dole gumba. Kanisani siku ya ndoa, dole gumba. Kupokea mwili wa mume wangu hospitali, dole gumba, na yule karani hata hakunitazama usoni, alinishika kidole kama anashika muhuri. Leo kuna karatasi itakuja na jina langu lote, imeandikwa kwamba huyu mama anajua. Anajua nini? Anajua kumrudisha mtu. Nilikuwa natembea toka Njiro naongea peke yangu.

Tajiri akakubali pia, haraka haraka kama kawaida yake. "Sawa mama, watu saba, vijana sita na wewe, kiti chako, wa dekio tutamtafuta mwingine, haya, nina mkutano."

Sasa tuje kwa mtoto. Mdogo wangu alifariki akaniachia binti. Nilimlea kwangu Elerai, akala loshoro yangu ya mahindi na maziwa ya mgando, akavaa sare niliyofua kwa mikono hii, akamaliza kidato cha nne. Ananiita mamkubwa. Ana sauti nyembamba, tamu, akitaka kitu anaivuta mwishoni: "Mamkubwaaa." Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima. Nikamwombea kwa tajiri, nikasema huyu ana mwandiko mzuri, aje aandike mahudhurio, amwandikie mwalimu barua. Akachukuliwa. Jirani yangu aliposikia alikuja mbio, huyu jirani anaongea na mikono kiunoni hata akisali. "Wewe! Mtoto wa marehemu unampeleka akazamie? Atafia kwenye meli! Kwani Ulaya kuna nini?" Kwa sababu wakati ule kuzamia tulikuwa tunajua moja tu, kujificha ndani ya meli uende nchi za watu. Nilimweleza mpaka nikakauka koo. Akasema, "Haya, ila akifika aandike barua."

Jumapili tukitoka ibada, mtoto anatandika mkeka uani. "Mamkubwaaa, lala nikufanyie, usije ukasahau siku ya mtihani." Mimi nikaona, huyu mtoto ana moyo! Nalala. Ananigusa bega, shikamoo mamkubwa, nanyamaza. Anakosea, namsahihisha. Anauliza, "Na mshipa usipogonga?" Namwambia. "Na akitapika?" Namwambia, mgeuze ubavu. Siku moja jirani akachungulia juu ya ua, akaniona chali, mtoto ananiita sijibu, akapiga yowe lile la "Uuuwiii!" mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja na magoli ya mpira mikononi, walikuwa wanayang'oa uwanjani. Nilipoinuka kukaa, mzee mmoja alikimbia akaacha kiatu. Tulicheka, mimi na yule mtoto, mpaka akaniegemea. Bado nakumbuka uzito wa kichwa chake hapa begani. Alikuwa anajifunza kwangu, na mimi nilidhani ananisaidia.

Karatasi ya majina iliandikwa wiki ileile. Mwalimu anataja, mtoto anaandika, kwa sababu ndiye mwenye mwandiko. Nikasikia kwa masikio yangu mwalimu akitaja jina langu, na la baba yangu, nikasimama na dekio kama askari. Nikamwambia mtoto nioneshe. Akanishika kidole, akakiweka kwenye mstari wa mwisho. "Hapa, mamkubwa. Namba saba." Nikaupapasa ule mstari. Wino ulikuwa haujakauka vizuri, nikatoka na rangi ya bluu kidoleni, na siku ile sikunawa mkono ule mpaka nilipoanza kusonga ugali.

Siku ya mkaguzi, mwalimu alikwenda stendi kumpokea. Akasema mtu asiingie majini mpaka arudi. Tajiri akaona huu ndiyo wakati. "Nipigeni picha, aisee, niweke ofisini, haraka kabla hawajafika." Akavaa miwani ya kuzamia, akavaa mtungi, akavaa ule mkanda wa vyuma vizito, tumbo likagawanyika juu na chini. Kuogelea hajui, kama mimi. Akasimama ukingoni upande wa kina, akanyoosha dole gumba. Kijana mwenye kamera akasema, "Rudi nyuma kidogo, bosi." Akarudi.

Alishuka kama jiwe la kusagia. Vijana wakaruka, wakamvua mkanda kule chini, wakamtoa, kwa kweli hawakuchelewa. Wakamlaza kwenye saruji. Midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Halafu wakasimama.

Wamesimama wananitazama mimi. Wote. Kwa miezi yote ile mgonjwa ni mimi, wao wanajua mtu akizama anayelala ni yule mama wa kudeki. Na mmoja wao, Mungu amsamehe, akasema, "Mama, si ulale?" Mtoto wangu alikuwa pale na daftari amelikumbatia kifuani, ameganda, hata kope hazichezi.

Nilitupa dekio pembeni lisije likanitelezesha. Nikapiga magoti. Sikumpa shikamoo, yeye ni mdogo kwangu, miaka yote ndiye mwenye deni la shikamoo zangu, hajawahi kunipa hata moja, ananisalimia "mama vipi hapo". Nikamgusa bega, "Baba! Baba!" Kimya. Nikamwonesha kijana mmoja kidole, "Wewe fulana nyekundu, piga simu!" Akakimbia. Nikainua kidevu, nikaweka shavu. Hakuna kitu. Nikambana pua, nikampulizia, kweli, mdomo kwa mdomo, mimi mjane wa miaka mingapi. Mbili. Nikashika shingo. Mshipa unagonga, mdogo, kwa mbali. Nikaendelea, nahesabu tano, napulizia, nahesabu tano, napulizia. Sikuwa naogopa. Nilikuwa nasikia sauti ya mwalimu kichwani, "Taratibu, bibiye, wampa uhai, humpigi vita." Maji ya nguo zake yalinilowesha kanga yote. Mara akakohoa. Nikamgeuza ubavu, akatapika maji na chai ya maziwa ya asubuhi kwenye saruji niliyotoka kuideki. Akafungua jicho moja, akaniona, na neno la kwanza alilosema duniani mara ya pili lilikuwa, "Shikamoo, mama."

Nikasema, "Marahaba." Hiyo sikuinyamazia.

Kama mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa nawasimulia nimekaa kwenye kiti changu. Leo kiti kina mtu mwingine. Anakaa Njiro hukohuko, cheti kimewekwa kioo, na nasikia akisimulia wageni hadithi ya siku ile anaisimulia vizuri, hata sauti ya tajiri anaiiga. Kuiga alijifunza kwangu pia. Mimi nilitoka siku hiyohiyo, dekio nililiacha lilipoangukia.

Maana geti lilifunguliwa, mwalimu akaingia na mkaguzi. Mkaguzi ni kijana wa makamo, kaunda suti imenyooka, kalamu tatu mfukoni, anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Tajiri amefunikwa taulo, anatetemeka, lakini biashara haitetemeki. Akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Mama, akijua nimeokolewa na mtu wa kudeki, analifunga bwawa leo."

Nikamwambia, "Mimi si wa kudeki leo. Mimi ni namba saba. Mwambie hivyo."

Kwangu hilo lilikuwa jepesi kabisa. Jina liko kwenye karatasi, mtihani ndiyo huo nimeshaufanya, na mgonjwa wa kweli, si mto wa kochi.

Mkaguzi akasema, "Kumetokea tukio. Ni nani kati ya watahiniwa aliyetoa huduma?" Akafungua karatasi, akaanza kusoma majina. Namba moja, kijana anaitika. Namba mbili. Mimi najifuta uso, najifunga kanga vizuri, niitike nimekaa kama mtu. Namba sita. Namba saba.

Akasoma jina la mtoto wangu.

Nilidhani amekosea mstari. Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akaitazama karatasi, akanitazama mimi, halafu akatazama bomba la maji kana kwamba linavuja. Halikuwa linavuja. Nikatazama kidole changu, kile cha wino. Nikakumbuka alivyokishika, alivyokiweka pale taratibu.

"Ni mimi," mtoto akasema, kwa ile sauti nyembamba. "Namba saba. Nilimkuta hapumui, mshipa unagonga, nikampulizia, nikahesabu tano tano. Alipotapika nikamgeuza ubavu." Hakuruka hata hatua moja. Nguo zake zilikuwa kavu, zimepigwa pasi. Tajiri akatikisa kichwa ndani ya taulo, kwamba ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Wale vijana sita wakatazama miguu yao. Nilingoja mmoja aseme kidevu, mama, kidevu. Hakuna.

Mkaguzi akaandika. Akamaliza, akainua macho, akaniona mimi, nimepiga magoti palepale, ninadondoka maji. Nadhani alishangaa. Akafunika kalamu, akanisogelea, akainama kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, mama. Na wewe hapa ni nani?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua, marahaba ilikuwa hapa kwenye ulimi, na nyuma yake yalikuwa yamepanga foleni maneno yote, la kwanza mpaka la mwisho. Mtoto akaniwahi. Hakunitazama. Alikuwa anapanga karatasi zake.

"Usimsumbue, afisa. Huyo ni maiti wetu. Maiti hajibu."